Kuchanganyika, Kujipanga na Kutengana: Uhakiki wa Istilahi za Kiswahili katika Maelezo ya Michanganyiko ya Kopolima Bloku na Homopolima, kwa Mifano kutoka Chunya

IKISIRI

Uhakiki huu unachunguza namna Kiswahili kinavyobeba maelezo ya jambo moja la sayansi ya polima, yaani tabia ya fezi na mofolojia ya michanganyiko ya kopolima bloku na homopolima. Istilahi nne, ambazo ni awamu, mofolojia, bloku na kipatanishi, zinapimwa kwa kuwekwa ndani ya sentensi zinazoeleza jambo lenyewe badala ya kutazamwa katika orodha. Mifano ya matumizi imetolewa katika Wilaya ya Chunya, mkoani Mbeya, ambako kazi ya kuchenjua dhahabu imekwisha kujenga msamiati hai wa kutenganisha vitu. Hoja inayotetewa ni kwamba upungufu unaoonekana hautokani na uhaba wa nomino. Unatokana na mazoea ya kuhukumu nomino moja moja, huku vitenzi, ambavyo ndivyo vinavyobeba uhusiano na kipimo, vikiachwa pembeni.

1.0 Utangulizi

Tangu Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, sehemu kubwa ya mjadala kuhusu Kiswahili cha sayansi imezunguka swali moja: neno lipo au halipo? Swali hilo lilistahili kuulizwa kwanza, kwani lugha isiyo na neno la kutajia kitu haiwezi kukifundisha. Hata hivyo, jibu la “neno lipo” halimalizi kazi. Linabaki swali la pili, ambalo halijapewa nafasi ya kutosha: neno hilo linafanya nini linapokutana na maneno mengine katika aya moja inayoeleza jambo gumu?

Swali hili la pili lina uzito kwa mwanafunzi wa Tanzania. Katika shule nyingi za msingi za serikali, sayansi hufundishwa kwa Kiswahili, kisha lugha ya kufundishia hubadilika kuwa Kiingereza katika Kidato cha Kwanza. Hivyo, dhana za mwanzo kuhusu vitu vinavyochanganyika na visivyochanganyika huingia akilini kwa Kiswahili, na elimu yote inayofuata hujengwa juu ya msingi huo. Msingi ukiwa na ufa, ufa huo hausahihishwi na mabadiliko ya lugha, hufunikwa tu.

Uzito huo haupo darasani peke yake. Tarehe 1 Juni 2019, Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Mahali pake palichukuliwa na mifuko mbadala, ambayo mingi imetengenezwa kwa kitambaa kisichofumwa cha polipropilini. Polipropilini ni plastiki. Lakini katika mazungumzo ya sokoni mfuko huo huwekwa upande mmoja na plastiki upande mwingine, kwa sababu neno “plastiki” lilikuwa limekwisha kushikamana na mfuko mwembamba wa polietilini. Hapa neno lipo, na kila mtu analijua, ila limeacha kusaidia kutambua kitu kimeundwa kwa nini.

Uhakiki huu umechagua mada inayodai mengi kutoka kwa lugha. Michanganyiko ya kopolima bloku na homopolima haikubali jibu la “imechanganyika” wala la “haikuchanganyika”. Kwa sababu hiyo, ni kipimo kizuri cha uwezo wa istilahi zilizopo na zinazopendekezwa. Sehemu ya pili inaeleza jambo lenyewe. Sehemu ya tatu inahakiki istilahi. Sehemu ya nne inazipeleka Chunya. Na sehemu ya tano inajibu hoja kinzani.

2.0 Jambo Linaloelezwa

2.1 Minyororo isiyopendana

Polima ni molekuli ndefu iliyoundwa na vipande vidogo vilivyoungana mfululizo mithili ya shanga katika uzi. Wazo kwamba molekuli kubwa kiasi hicho zipo lilitetewa na Hermann Staudinger kuanzia mwaka 1920, nalo lilipingwa kwa muda mrefu kabla ya kumpatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1953. Homopolima ina shanga za aina moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kopolima bloku ina mafungu mawili au zaidi, kila fungu likiwa na shanga za aina yake, na mafungu hayo yameunganishwa kwa kifungo cha kikemia kisichofunguka kwa kuyeyushwa tu.

Nadharia iliyotolewa na Paul Flory na Maurice Huggins mwanzoni mwa miaka ya 1940 inaeleza kwa nini polima mbili tofauti mara nyingi hukataa kuyeyukana. Vimiminika vya molekuli ndogo vinapochanganywa, kila molekuli hupata uhuru mkubwa wa kukaa popote, na uhuru huo huvisukuma kuchanganyika. Katika polima, shanga zimefungwa katika uzi mmoja na haziwezi kutawanyika kila moja kivyake. Faida ya uhuru hupungua kadiri uzi unavyorefuka. Kwa hiyo, hata kutopatana kidogo sana kati ya shanga za aina mbili kunatosha kuzitenga.

Kiasi cha kutopatana huwakilishwa na herufi ya Kigiriki χ, na idadi ya shanga katika mnyororo huwakilishwa na N. Zao la viwili hivyo, χN, ndilo linaloamua. Homopolima mbili zenye urefu sawa na viwango sawa huanza kutengana χN inapozidi 2. Mwaka 1980 Ludwik Leibler alionesha kwamba kopolima ya bloku mbili zilizolingana huvumilia hadi χN ifike takribani 10.5. Ili kulinganisha kwa haki, kopolima hiyo ichukuliwe kana kwamba imekatwa katikati. Nusu zake mbili, zikiwa huru, zingeanza kutengana pale ambapo χN ya mnyororo wa awali inapita 4. Kifungo kimoja tu cha katikati kimepandisha kizingiti kutoka 4 hadi 10.5.

Baada ya kizingiti hicho, jambo la kipekee hutokea. Bloku za aina mbili hutaka kukimbiana, lakini hazina pa kukimbilia, kwa kuwa kila moja imefungwa kwa mwenzake. Matokeo yake hujipanga katika maumbo yanayojirudia kwa kipimo cha makumi ya nanomita. Bloku zikilingana, hupatikana matabaka. Moja ikizidi, ile ndogo hukaa katika miche duara; ikipungua zaidi, hukaa katika matufe. Kati ya matabaka na miche duara kuna eneo jembamba la umbo la jairoidi, ambamo bloku ndogo huunda mitandao miwili iliyopitana bila kugusana. Mark Matsen na Michael Schick walionesha kinadharia uthabiti wa umbo hilo mwaka 1994.

2.2 Homopolima inapoongezwa

Homopolima inapoongezwa katika kopolima iliyokwisha kujipanga, urefu wake ndio unaotoa hukumu. Tafiti za Takeji Hashimoto na wenzake nchini Japani, zilizotumia polistairini na poliisoprini, zilibainisha hali tatu. Homopolima iliyo fupi sana kuliko bloku ya aina yake hupenya kati ya minyororo ya bloku na kuivimbisha. Iliyokaribia urefu wa bloku hukusanyika katikati ya tabaka. Iliyo ndefu kuliko bloku hukataliwa na kwenda kuunda eneo lake kubwa nje ya mpangilio.

Suala huwa gumu zaidi pale homopolima za aina zote mbili zinapoongezwa kwa pamoja. Kopolima ikiwa nyingi, mpangilio wa matabaka hushinda. Homopolima zikiwa nyingi mno, utengano mkubwa unaoonekana kwa macho hushinda. Mwaka 1990 Daniel Broseta na Glenn Fredrickson walikokotoa mahali ambapo tabia hizi mbili hukutana. Ikiwa α ni uwiano wa urefu wa homopolima kwa urefu wa kopolima, mkutano huo hutokea pale sehemu ya homopolima inapokuwa 1 gawanya kwa jumla ya 1 na 2α². Kwa α ya 0.2, jibu ni takribani asilimia 93. Lakini mwaka 1997 Frank Bates na wenzake, wakitumia polietilini, kopolima ya ethilini na propilini, pamoja na kopolima bloku ya viwili hivyo, walikuta kwamba karibu na mahali hapo pana kitu ambacho nadharia ya wastani haikukitabiri: mchanganyiko ambamo vitu viwili vimepitana kote bila mpangilio wa kujirudia, kila kimoja kikiwa na mwendelezo usiokatika. Misukosuko midogo ya joto, ambayo nadharia ilikuwa imeipuuza, ndiyo iliyovunja matabaka.

3.0 Uhakiki wa Istilahi

Watafiti wa istilahi za Kiswahili wamezoea kutumia vigezo vya PEGITOSCA vilivyotolewa na Kiingi, ambavyo hupima usahihi, uwekevu, uzalishaji, ukimataifa, uwazi, staha, mfumo, uthabiti na ukubalifu wa istilahi. Vigezo hivi vina manufaa. Udhaifu wake ni kwamba istilahi moja inaweza kupata alama za juu katika vyote tisa na bado ikaharibu aya. Sababu ni kwamba hakuna kigezo kinachouliza istilahi hiyo itakaa jirani na maneno gani. Kigezo cha mfumo kinakaribia swali hilo, lakini kinatazama familia ya istilahi zilizoundwa pamoja. Hakitazami maneno ya kawaida ambayo mwandishi hawezi kuyaepuka. Uhakiki huu unaongeza kipimo hicho na kukiita kigezo cha ujirani.

3.1 Awamu

Neno “awamu” hutumika katika baadhi ya maandishi kwa maana ya eneo la maada lenye sifa moja kote. Kwa uwekevu na ukubalifu, neno hili halina dosari: ni fupi na linajulikana na kila Mtanzania. Tatizo ni kile kinachojulikana. Awamu ni kipindi. Serikali huja kwa awamu, mradi hujengwa kwa awamu, mkopo hulipwa kwa awamu. Sentensi ifuatayo inadhihirisha athari yake: “Mchanganyiko ulipopozwa ulikuwa na awamu mbili.” Msomaji makini anaweza kuelewa kwamba upoaji ulipita hatua mbili, moja baada ya nyingine. Anaweza pia kuelewa kwamba maeneo mawili yalikuwapo kwa wakati mmoja. Sarufi inaruhusu maana zote mbili, ilhali sayansi inataka moja.

Katika taaluma nyingine utata huo ungevumilika. Katika polima hauvumiliki, kwa sababu wakati wenyewe ni sehemu ya maelezo. Polima iliyoyeyushwa ikipozwa haraka hugandia njiani kabla ya kufikia hali ya utulivu, na umbo lake la mwisho hutegemea hatua ilipokomea. Mwandishi atalihitaji neno “awamu” kwa hatua hizo, katika ukurasa uleule anaozungumzia maeneo mawili ya maada. Neno “hali” haliwezi kuwa mbadala, kwa kuwa limekwisha kutumika kwa hali tatu za maada, nayo maeneo mawili yaliyotengana yanaweza kuwa yote katika hali ya kimiminika. Kwa kigezo cha ujirani, neno la mkopo “fezi” linafaa zaidi, ijapokuwa kwa kigezo cha uwazi linashindwa. “Awamu” ibaki kuwa neno la wakati.

3.2 Mofolojia

Msomaji wa isimu atashtuka kukuta “mofolojia” katika tasinifu ya kemia. Kwake neno hilo ni taaluma ya muundo wa maneno. Kwa mtazamo wa haraka, hii ni kasoro ileile ya “awamu”: neno moja, maana mbili. Kwa kigezo cha ujirani, hukumu ni tofauti. Mofimu na matabaka ya polima hayakutani katika aya moja isipokuwa mwandishi akusudie kuyakutanisha, kwa hiyo muktadha unatosha kuondoa utata.

Zaidi ya hayo, ukuruba wa maana hizo mbili una faida. Neno la Kiswahili kama “watakapowasomesha” limeundwa kwa vipande vinavyotofautiana kwa sifa na ambavyo haviwezi kuachana bila kuliharibu neno. Mpangilio wake ndio unaobeba maana. Kopolima bloku nayo ni mfululizo wa vipande vyenye sifa tofauti, na mpangilio wa vipande hivyo ndio unaoamua umbo la jumla. Ulinganisho huu una mpaka, kwa kuwa mofolojia ya polima huhusu namna minyororo mingi inavyokaa pamoja na si muundo wa mnyororo mmoja. Mpaka huo ukitajwa, istilahi inafaa kubaki. Kwa umbo mojamoja, neno “umbo” linatosha.

3.3 Bloku

“Bloku” ni neno la fundi ujenzi kabla ya kuwa neno la mkemia. Bloku ya saruji huinuliwa, huwekwa, na ikihitajika hubomolewa na kutumiwa kwingine. Taswira hiyo inafaa katika jambo moja, kwamba kipande kikubwa chenye sifa moja kimewekwa jirani na kingine. Inapotosha katika mambo mawili. Kwanza, bloku ya polima si gumu. Ni mnyororo unaojikunjakunja. Pili, haiwezi kuondolewa katika nafasi yake bila kuvunja kifungo cha kikemia. Kifungo hicho ndicho kilichopandisha kizingiti kutoka 4 hadi 10.5, kwa hiyo upotoshaji huu unagusa kiini cha jambo lenyewe. Neno “fungu” lingekuwa na uwazi zaidi, lakini halishirikiani vizuri na “kifungo”, jirani yake wa lazima: “kifungo kati ya fungu na fungu” ni kirai kinachochosha sikio na kuchanganya macho. “Bloku” ikubaliwe, kwa sharti kwamba mara ya kwanza inapotumiwa ielezwe kuwa ni sehemu ya uzi na si tofali.

3.4 Kipatanishi

Kopolima bloku inapotumiwa kuboresha mchanganyiko wa homopolima mbili zisizoyeyukana, mwandishi wa Kiswahili huvutwa kuiita “kipatanishi”. Istilahi hii inapendeza: imetokana na kitenzi “patana”, kauli za kutendana na kutendesha zimepangwa vizuri, na kiambishi ki- kimeondoa dhana ya mtu. Ni wazi, ya kimfumo na inayozalisha. Ndiyo maana inastahili kupingwa kwa makini zaidi kuliko nyingine.

Kupatanisha ni kuondoa uadui. Mpatanishi akifanikiwa, waliogombana huwa hawagombani tena. Kopolima bloku haifanyi hivyo. Thamani ya χ kati ya homopolima mbili haibadiliki hata kidogo kwa kuwapo kwake. Shanga za aina mbili zinabaki kutopatana kama zamani. Kinachobadilika ni mpaka. Kopolima hukaa mpakani, kila bloku ikizama katika upande wa aina yake, na hivyo hupunguza mvutano wa mpaka, huzuia matone kuungana na kuwa makubwa, na hushona pande mbili zisiachane zinapovutwa. Anayeamini kwamba polima “zimepatanishwa” atatarajia kitu kimoja. Atapata vitu viwili vilivyoshikana.

Mbadala unaopendekezwa ni “kiambatanishi”. Sarufi ya Kiswahili inajua sentensi ambatano, ambamo vishazi viwili huru huunganishwa huku kila kimoja kikibaki na ukamilifu wake. Hivyo ndivyo ilivyo katika mchanganyiko huu. Neno “kiunganishi” lingeweza kufikiriwa, lakini limekwisha kuwa aina ya neno katika sarufi, na katika kemia lingegongana na vifungo vinavyounganisha atomi.

3.5 Vitenzi vilivyoachwa

Istilahi nne zilizohakikiwa ni nomino. Huo ndio mwelekeo wa kawaida wa kazi ya istilahi: nomino hukusanywa, huundwa na husanifiwa, kisha vitenzi huachiwa mwandishi. Katika mada hii, vitenzi ndivyo vyenye jibu.

Kitenzi “changanyika” kinasema kwamba vitu vimewekwa pamoja. Hakisemi kwa kipimo gani. Kauli kwamba polietilini na polipropilini “zimechanganyika” ni kweli kwa jicho na si kweli kwa hadubini. Ndiyo maana kitenzi hiki kifae kuwa mwavuli tu, na chini yake visimame vitenzi vitatu. Polima zilizofikia kuingiana molekuli kwa molekuli “zimeyeyukana”. Zilizoachana na kuunda maeneo makubwa “zimetengana”. Kopolima ambayo bloku zake zimekimbiana kadiri kifungo kilivyoruhusu “imejipanga”.

Mgawanyo huu unaafikiana na viambishi vyenyewe. Kauli ya kutendana, yenye -ana, hudai washiriki wasiopungua wawili. Homopolima mbili zinayeyukana au zinatengana. Kitenzi chenye ji- hurejea kwa mtenda mmoja. Kopolima bloku ni kitu kimoja, na haiwezi kutengana na nafsi yake. Inaweza tu kujipanga. Tofauti ambayo nadharia hueleza kwa mlinganyo, mofolojia ya kitenzi cha Kiswahili inaibeba bila kuongezewa neno lolote jipya.

4.0 Istilahi Zinapofika Chunya

Chunya imechaguliwa kwa kuwa ni mahali ambapo Kiswahili kimefanya kazi ya kutenganisha vitu kwa muda mrefu. Machimbo ya Lupa yalianza kuvuta wachimbaji tangu miaka ya 1920, na watu wa asili mbalimbali waliokutana huko walihitaji lugha moja ya kazi. Msamiati uliopo leo katika uchimbaji mdogo nchini ni mpana. Mawe husagwa kwenye makarasha. Unga huoshwa mwaloni. Dhahabu hukamatishwa kwa zebaki. Mabaki huitwa marudio, na huchenjuliwa upya kwa sayanaidi. Maneno haya yalikomaa kazini, na yanatofautisha njia za kutenganisha kwa usahihi usiopatikana katika neno “mchanganyiko”.

Tukio la mwaka 2017 linaonesha kuwa tofauti kama hizo zina bei. Katika mjadala wa kitaifa kuhusu usafirishaji wa shehena za migodi mikubwa ya Kanda ya Ziwa, kitu kilekile kiliitwa na baadhi “mchanga wa madini” na na wengine “makinikia”. Neno la kwanza lilionesha kitu kilichochotwa ardhini. La pili lilionesha zao la uchenjuaji lenye madini yaliyokusanywa. Kwa muda mfupi neno la kitaalamu likaingia katika vinywa vya watu wasiowahi kukanyaga mgodini. Jamii haikulikataa kwa sababu ya ugumu wake. Ililipokea kwa sababu ilihitaji kujua ndani ya shehena mna nini.

Mahitaji ya namna hiyo yapo pia kwa plastiki za Chunya. Mawe hubebwa katika salfeti, ambazo ni mifuko iliyofumwa kwa nyuzi za polipropilini. Karatasi inayotandikwa shimoni kuzuia maji, inayoitwa nailoni, kwa kawaida ni polietilini. Nailoni halisi ni polima nyingine kabisa. Vitu hivi viwili vikichakaa hurundikwa pamoja. Mtu akiviyeyusha kwa pamoja ili apate bidhaa mpya, atapata uji unaoonekana kuwa mmoja. Ukipoa, atapata kitu kinachovunjika kwa urahisi, kwa kuwa ndani yake polima mbili zimetengana na mpaka wake hauna mshono.

Hapa maarifa ya mwaloni yanafikia kikomo chake, na ni muhimu kikomo hicho kisemwe kwa Kiswahili. Uoshaji wa dhahabu hufanikiwa kwa sababu ya tofauti kubwa ya uzito: dhahabu ina uzito wa takribani mara 19 ya maji, wakati jiwe la kwazi lina takribani mara 2.65. Polietilini na polipropilini zote ni nyepesi kuliko maji. Zikitumbukizwa katika beseni, zote huelea. Mtu aliyezoea kutegemea maji kutenganisha vitu hana budi kutafuta njia nyingine.

Njia mojawapo ni kuacha kuzitenganisha na badala yake kuziambatanisha. Mwaka 2017, katika jarida la Science, kundi lililowashirikisha Geoffrey Coates wa Chuo Kikuu cha Cornell na Frank Bates wa Chuo Kikuu cha Minnesota lilionesha kwamba kopolima yenye bloku za polietilini na polipropilini kwa kupokezana, ikitiwa kwa kiasi kidogo, hata asilimia 1 ya uzito, hugeuza mchanganyiko unaovunjika kuwa mgumu kuvunjika. Polima hizo mbili haziyeyukani. Zinabaki zimetengana, zikiwa na matone madogo zaidi na mpaka ulioshonwa. Mtu aliyeelezwa kwamba dawa hiyo “inapatanisha” anaweza kudhani kwamba itafaa kwa plastiki yoyote, kama mpatanishi mwema anavyofaa kwa ugomvi wowote. Aliyeelezwa kwamba “inaambatanisha”, na kwamba kila bloku lazima iwe ya aina ya upande inaozamia, ataelewa mara moja kwa nini kiambatanishi cha jozi moja hakifai kwa jozi nyingine. Tofauti ya silabi chache hapa ni tofauti ya mtaji uliopotea na mtaji uliopona.

Je, kitenzi “kukamatisha” kingeweza kuchukuliwa kutoka mwaloni na kupewa kopolima? Kinavutia, kwa kuwa ni cha wenyeji na kina uwazi. Lakini zebaki huchukua dhahabu na kuiacha ardhi. Inakumbatia upande mmoja. Kopolima bloku hushika pande mbili kwa pamoja. Zaidi ya hayo, zebaki ni sumu na lengo lake ni kuondolewa mwishoni kwa kuchomwa, ilhali kopolima hubaki ndani. Kukopa kitenzi hicho kungekuwa kukopa pia maana isiyohitajika.

5.0 Hoja Kinzani

Hoja ya kwanza inaweza kusema kwamba mjadala huu hauna kazi, kwa kuwa utafiti wa polima duniani huandikwa kwa Kiingereza. Ni kweli kwamba mtafiti wa Mbeya atakayechapisha matokeo yake atayachapisha kwa Kiingereza. Lakini mwenye salfeti na nailoni zilizochakaa hatasoma jarida hilo, na mtafiti huyohuyo atalazimika kumweleza kwa Kiswahili. Istilahi isiyo sahihi itaharibu kazi mahali ambapo inapaswa kuleta faida.

Hoja ya pili ni kwamba Kiingereza chenyewe hutumia neno lenye maana ya kupatanisha, na wanasayansi hawapotei. Hawapotei kwa sababu wamejifunza milinganyo kabla ya neno. Istilahi inapotumika bila milinganyo, uwazi wake ndio mwalimu wa kwanza. Uwazi unaopotosha ni hatari kuliko ugeni, na hiyo ndiyo sababu uhakiki huu umependelea “fezi” isiyo wazi badala ya “awamu” iliyo wazi kwa upande usiotakiwa.

Hoja ya tatu ina nguvu zaidi: kigezo cha ujirani hakina kikomo, kwa kuwa majirani wa neno ni wengi na hubadilika kila aya. Kigezo hiki hakidai kwamba neno lipimwe dhidi ya kamusi nzima. Kinadai lipimwe katika sentensi chache ambazo jambo lenyewe haliwezi kuelezwa bila hizo. Kwa mada iliyohakikiwa, sentensi hizo ni zile za sehemu ya 2.0, na hazizidi kurasa mbili. Kamati ya istilahi inayoweza kujadili orodha ya maneno mia mbili inaweza pia kusoma kurasa mbili.

6.0 Hitimisho

Uhakiki umeonesha kwamba “awamu” irejeshwe katika maana ya wakati na nafasi yake ichukuliwe na “fezi”. Kwamba “mofolojia” na “bloku” zibaki kwa masharti yaliyotajwa. Na kwamba “kipatanishi” kiachwe kwa ajili ya “kiambatanishi”. Umeonesha pia kwamba vitenzi “yeyukana”, “tengana” na “jipanga” vinatosha kubeba matokeo matatu makuu ya nadharia, na kwamba viambishi vyake vinafanya sehemu ya kazi ambayo kwingineko hufanywa na fomula.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba kazi ya kuunda istilahi za sayansi ianze na aya na si na orodha: jambo lielezwe kwanza kwa Kiswahili kamili, vitenzi vyake vitambuliwe, kisha nomino zihukumiwe kwa nafasi zinazokalia. Eneo linalofaa kufuatiwa na utafiti mpana ni msamiati wa uchenjuaji katika machimbo ya Chunya na kwingineko, ambao umejaribiwa na watu wanaopata hasara neno linapokosea. Msamiati huo hauwezi kuhamishwa mzima kwenda maabara, kama mfano wa “kukamatisha” ulivyodhihirisha. Lakini unathibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kutofautisha namna vitu vinavyokaa pamoja na namna vinavyoachana, pale kinapotakiwa kufanya hivyo.